Pua ya Bibi

Pua yangu ilipokufa, vitunguu ndivyo vilivyoniumbua kwanza. Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko nakaanga huku nikiwaza mambo ya kazini, mara binti yangu akashuka ngazi mbio, akaanza kufungua madirisha. "Mama, can't you smell that?" Vitunguu vilikuwa vimeungua, nami nilikuwa sinusi kitu. Yale maradhi yaliyozunguka dunia nzima yalinipitia siku sita tu, sikulazwa, sikukohoa sana, na watu wakaniambia nishukuru. Nikashukuru. Daktari kwenye simu akasema harufu itarudi, nivute subira, ninuse limau kila asubuhi. Nilinusa malimau mpaka yakaoza, na hata yalipooza niliambiwa na watu wengine.

Miezi ile nilikuwa na hasira isiyo na adabu. Chakula kilikuwa chumvi, sukari na moto, basi. Jioni moja kwenye televisheni kijana mmoja alikuwa akifundisha kupika mchuzi, anachota unga wa manjano kwenye kopo na kuueleza kuwa ndio ladha ya Bara Hindi, na binti yangu, mkono kwenye simu yake, akaniuliza bila kuniangalia, "So is our food Indian, then?" Swali dogo tu, la mtoto. Nikashindwa kulijibu, na kwa kushindwa nikamgombeza kwamba anaacha vyombo kila mahali.

Bibi yangu angelijibu kwa nusu saa nzima, na mwisho wake mtoto angejuta kuuliza. Nikamkumbuka usiku ule, tena si kwa mapenzi kama ninavyomkumbuka kila siku, bali kwa aibu. Kwa sababu Bibi naye pua yake ilikufa, hapa hapa London, na aliyejua ni yeye peke yake. Kwa miaka miwili pua yake nilikuwa mimi, na sikujua kama nimeajiriwa.

Alikuwa mama yake mama. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa mjane, na sanduku moja na binti mmoja, na habari za safari ile hakupenda kuzieleza zaidi ya hapo. Walianzia Kilburn, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mama akaolewa, akazaliwa kaka yangu Nassor, nikazaliwa mimi, tukahamia Wembley kwenye nyumba iliyoungana na ya jirani kwa ukuta mmoja, na Bibi akapewa chumba cha mbele. Huko nyumbani alikuwa mke wa mtu mwenye jina na mwenye baraza la watu. Huku hakuna aliyemjua, isipokuwa kwa kitu kimoja: alijua kupika biriani. Sisemi alipika vizuri tu, wapishi wazuri walikuwapo. Nasema watu wa kwetu, kutoka Wembley hadi Kilburn, hawakupanga harusi wala khitima bila kumpigia simu Bi Safia kwanza, na kama siku ile ana kazi nyingine, wao ndio waliobadilisha siku.

Viungo vyake vilikaa kwenye rafu juu ya jiko, ndani ya chupa za kahawa zilizokwisha, zote za namna moja, vifuniko vya kahawia, bila kuandikwa chochote. Bibi alisoma msahafu na alisoma barua za herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu hakuzitaka na zenyewe hazikumtaka. Kila chupa ilikuwa na mahali pake, na kila kiungo kilikuwa na ukoo wake. Uzile, ile bizari nyembamba ya pilau, na gilgilani vilikuwa vitu vya babu yake mzaa mama, aliyetoka Kachi, Bara Hindi, akafungua duka la nguo Unguja na hakurudi tena. Iliki na pilipili manga nazo zilitoka Bara Hindi, lakini zamani sana, kabla ya babu wa mtu yeyote. Mdalasini ulikuja kwa njia ya Ceylon. Karafuu ndiyo aliyoiita mtoto wa nyumbani, na ilitufikia ndani ya soksi za wageni, maana huko kwetu wakati ule karafuu ilikuwa mali ya serikali, haikutoka ovyo. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba hata huyo mtoto wa nyumbani alipandwa kwa mbegu iliyotoka visiwa vya mbali kabisa, kupita Bara Hindi yenyewe. Nilitamani Bibi awepo nimtanie.

Ingawa nadhani alikuwa akijua. "Viungo ni kama watu wa mjini," alikuwa akisema. "Wote wamekuja. Ukikaa mahali ukazika, ushakuwa wa hapo." Alikuwa akisema hivyo huku akitazama bustani yetu ya nyuma, futi ishirini za majani na ukuta wa mbao, na mama alikuwa akimwambia, basi Mama, tusizungumze mambo ya kuzika.

Aliyemkera kuhusu ukoo wa viungo alikuwa Bi Nargis wa Harrow. Bi Nargis alitoka Kampala, Mhindi wa kule, mwenye Kiswahili cha kukatakata na nyumba yenye vyoo viwili. Yeye aliamini biriani ni ya Wahindi na sisi tumeazima, tena tumeazima vibaya. Alisema ya Bi Safia ni tamu, lakini siyo yenyewe, maana mchuzi unakaa upande huu na wali upande ule, mithili ya mke na mume waliogombana. Maneno haya yalipanda treni ya Metropolitan yakamfikia Bibi siku hiyo hiyo. "Mwambieni," Bibi akajibu, "hatukuazima. Walitupa bizari, tukawapa karafuu. Na wali ukitaka kuupatanisha na mchuzi, una mkono, changanya."

Nilipokuwa na miaka sita alianza mtindo wa kuniita jikoni. "Rukia, njoo unuse." Ananiwekea chupa chini ya pua. Hii nini? Iliki. Na hii? Uzile. Anatia uzile kwenye kikaango kikavu, anausikiliza unavyochachatika, ananiuliza, "Umeshanukia?" Bado. "Na sasa?" Sasa. Anaipua. Hakunisifu hata siku moja. Mimi nilikuwa na shule siku tano, na madrasa Jumamosi na Jumapili, na sasa nyumbani nako kuna mtihani, wa harufu. Nassor hakuitwa. Yeye alikuwa barabarani na mpira wake, na nilimsikia anacheka. Nikajiambia naonewa kwa kuwa mtoto wa kike, kwamba Bibi ananifunza upishi kwa nguvu ili nije kuolewa. Nikawa najibu kwa kununa, na mara nyingine nilijibu hovyo, ili tu niachwe niende zangu.

Kumbe majira ya baridi yaliyotangulia homa ilimlaza Bibi wiki tatu, na alipoinuka alikuwa hanusi hata moshi. Hakusema. Alipika kwa masikio, kwa macho, kwa mpangilio wa rafu, na palipobaki alipajazia kwa pua ya mtoto wa miaka sita aliyenuna. Nikifikiria leo majibu yangu ya hovyo, nakunja uso peke yangu ndani ya basi.

Halafu zikaja zile Ramadhani za kiangazi. Wenzangu wa umri wangu waliokulia hapa wanazikumbuka: unakula daku alfajiri mbichi, na jua linakutazama mpaka saa mbili na nusu usiku. Nilikuwa na miaka minane. Nassor alikuwa na kumi na moja na alifunga, na alifunga kwa makelele. Kila saa moja alitutangazia kiu yake. Mimi nilikatazwa. Siku ndefu, mama alisema, wewe mdogo, utafunga mwakani, na mwakani ukija utaambiwa mwakani. Asubuhi niliwekewa maziwa na kikombe cha chai mezani peke yangu, na Nassor akipita nyuma ya kiti ananong'ona, "Kobe. Kobe huyo anakula." Kobe kwetu ndiye anayekula mchana wa Ramadhani, na hakuna mtoto anayelipenda jina hilo.

Katika nyumba ya watu waliofunga, mtoto asiyefunga ndiye mwonjaji. Ni kazi yake ya haki kabisa, nchi nzima ya kwetu inafanya hivyo: mtu mzima hawezi kujua kama chumvi imekolea, basi humwita mdogo, "Njoo uonje." Bibi lakini alikuwa na sifa ya kutohitaji kuonjewa. Watu walisimulia kwamba Bi Safia hupika Ramadhani nzima kwa kunusa tu, wala chumvi haikosei. Mwaka ule akaanza kuniita nionje. Kila siku, mbele ya Nassor, kijiko mkononi. Niliona ni fedheha ya makusudi. Niliona anataka kila mtu aone mdogo ni nani katika nyumba ile.

Siku niliyoamua kufunga kwa siri ilikuwa Jumamosi ya futari kubwa. Watu wetu walikodi ukumbi nyuma ya High Road, watu sitini, na biriani ilikuwa ya Bibi kama kawaida. Ila safari hii Bi Nargis naye alialikwa, pamoja na watu wake wa Harrow. Bibi hakuzungumzia jambo hilo, na kwa kutolizungumzia tulijua lilivyomkaa. Siku tatu alichagua mchele punje kwa punje. Alimtuma mama madukani Ealing Road mara mbili kurudisha nyama. Nilimsikia akimwambia mama kwamba siku hiyo Wahindi wa Harrow wataijua biriani ya Unguja, na baada ya hapo hata akifa ni sawa.

Mimi nilikuwa na mipango yangu. Maziwa ya asubuhi niliyamwaga chooni. Nilipanga nifunge mpaka magharibi, na adhana ikisomwa ukumbini, nichukue tende mbele ya watu wote na kusema kwa sauti, nimefunga. Nilikuwa nimeshauwazia uso wa Nassor utakavyokuwa.

Saa tisa mchana nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa kazini hospitali, kwenye chumba cha kufulia mashuka, baba kazini vilevile, Nassor nje. Niliitwa.

"Rukia. Njoo unionjee mchuzi."

"I'm not hungry, Bibi."

"Sijakuuliza njaa. Njoo uonje, uniambie bizari imekaa au haijakaa."

Nilipoingia jikoni nilipokelewa na harufu ya jino la baba. Sijui kuieleza vinginevyo. Baba alikuwa akiumwa na jino juma zima, na siku moja kabla, baada ya futari, mama alisaga karafuu kwenye mashine ya kahawa akamtilia na pamba, na nyumba ikanuka mpaka tulipolala. Sasa harufu ile ile ilikuwa inatoka kwenye sufuria. Niliisikia. Hili nataka nilikiri wazi, maana nimejidanganya miaka mingi kwamba sikusikia. Nilijiambia wakubwa wanajua wanachokitia, tena ni shughuli kubwa, pengine biriani ya ukumbini huwa hivyo.

Ukweli wa rafu ulijulikana kesho yake. Mama aliposaga karafuu ya jino, kwa kuwa mashine ile haisagi kitu kidogo, alisaga nusu chupa. Akaitia kwenye chupa ya kahawa, akairudisha rafuni haraka, ya pili kutoka dirishani, pahali pa bizari ya biriani, ule mchanganyiko wa viungo uliokwisha sagwa, na bizari akaisukuma mwisho. Unga wa kahawia na unga wa kahawia. Bibi alinyoosha mkono pale pale aliponyoosha siku zote, akachota vijiko vinne vya kujaa.

Akanipa kijiko cha mchuzi. Nikageuka upande wa sinki, najifanya naupuliza upoe. Nikaumwaga taratibu, pembeni mwa bakuli la kuoshea, nikapitisha kijiko kitupu karibu na midomo na kuichezesha.

"It's fine."

"Fine vipi? Imekaa?"

"Imekaa, Bibi."

"Na chumvi?"

"Imekaa."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na mwiko mkononi na jasho kwenye mdomo wa juu. Nilidhani ananitilia shaka kwa udogo wangu, nikazidi kukasirika, nikamtazama vile vile, bila kupepesa. Mwishowe akasema, "Haya. Nenda kacheze." Akaanza kukanda unga kidogo wa kuzibia mfuniko, maana sufuria ingesafiri ndani ya gari na hakutaka imwagike wala ipoteze moto. Saa kumi ilikuwa imeshazibwa pande zote, na hakuna pua nyingine iliyoweza kuifikia.

Saa kumi na moja nilikula biskuti. Sina hadithi ya kuzipamba. Kichwa kiliniuma, macho yalitia giza, nikachukua biskuti tatu za tangawizi kabatini, nikajifungia chooni nikazila nimesimama, na maji nikayanywa kwa kiganja kwenye bomba. Zilikuwa tamu sana. Nikafuta midomo, na bado niliazimia kutangaza ukumbini kuwa nimefunga.

Ukumbini meza zilipangwa kwa urefu, zimefunikwa karatasi nyeupe. Bi Nargis alivaa zambarau na alikaa mahali ambapo Bibi angemwona. Adhana ikasomwa, watu wakala tende, wakaswali, wakarudi mezani na ile furaha ya watu wenye njaa. Vijana wawili wakaibeba sufuria, Bibi akauvunja unga wa mfuniko kwa kisu mwenyewe. Mvuke ukapanda. Nikawaona watu wa meza ya kwanza wanaangaliana.

Karafuu ikizidi haiwi chungu tu, inaua ulimi. Watu walikula vijiko viwili, wakaanza kujigusa midomo. Mzee mmoja akasema, kwa utani, kwamba mwenye jino bovu asogee mbele, na watu wakacheka, kisha wakaona wanayemcheka ni nani, wakanyamaza. Watoto walitoa ndimi nje. Mama aliinama masikioni mwa Bibi, na Bibi akachukua tonge, akalitia mdomoni, akatafuna pole pole. Hakunusa kitu, lakini ulimi wake ulikufa kama ndimi za wengine, akajua.

"Nimekosea mie," akasema. "Mkono umezeeka. Mniwie radhi, kuleni sambusa."

Bi Nargis angemcheka ningeweza kumchukia, na mambo yangekuwa mepesi. Hakucheka. Aliifunika sahani yake kwa karatasi ili watu wasione ilivyobaki imejaa, akanyanyuka, akaja kuushika mkono wa Bibi. "Dada," alimwambia, "umechoka, na funga ndefu. Mwaka ujao wewe kaa, mimi nitapika." Ukumbi mzima ulimshukuru kwa wema wake. Bibi naye alimshukuru. Hakuna aliyeniuliza kama nimefunga, na sikutangaza.

Mwaka uliofuata Bi Nargis alipika. Aliyefuata pia. Kisha harusi nazo zikahamia Harrow, moja moja, bila ubaya wowote, kila mmoja akisema anamwonea huruma Bi Safia na umri wake. Simu yetu ikawa inalia kwa mambo mengine. Bibi aliuacha ufunguo wa jiko, kama tulivyosema kwa mzaha, mikononi mwa mama, akahamia kwenye kochi la chumba cha mbele na mieleka ya Jumamosi mchana kwenye televisheni. Aliijua miili ya wapiganaji wale mmoja mmoja. Hakuniita tena kunusa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona mtihani umekwisha.

Mama alijilaumu kwa chupa. Alilia, akaandika karatasi akazibandika kwenye rafu nzima, kwa herufi ambazo Bibi hakuzisoma. Bibi alimwambia asilie, kosa si la chupa. Nami nikakaa katikati yao na siri yangu ya kijiko, na jinsi miaka ilivyopita ndivyo siri ilivyozidi kuwa ngumu kuitoa, mpaka nikawa namkasirikia Bibi mwenyewe kila nikimwona amekaa pale. Kwa nini hapiki? Kosa moja tu, mtu mzima anajitia jela kwa kosa moja? Nilimwambia hivyo mara nyingi nilipokuwa msichana mkubwa, kwa Kiingereza, kwa ukali. Alikuwa akinijibu, "Tazama, sasa atamwangusha yule mnene."

Siri ya kijiko nilimwambia nikiwa na miaka ishirini na nne. Alikuwa amelazwa kwa moyo, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na mimi nilimpelekea supu ya kuku saa ya kuwatazama wagonjwa. Alikuwa amekonda, hereni zimekuwa kubwa kwa masikio yake. Nilimlisha vijiko kadhaa, nikakiweka kijiko chini.

"Bibi, ile siku ya ukumbini. Ule mchuzi sikuuonja."

"Najua."

Nilifikiri hakunisikia. Nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Kile kioo cha dirisha juu ya sinki. Nlikuona humo unamwaga. Nkasema, ala, huyu kafunga."

Nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi miaka yote ile, na badala yake nikaona damu inanipanda kichwani. Nikamuuliza, kwa sauti iliyomfanya mwanamke wa kitanda cha pili ageuke, kwa nini basi hakuniambia nionje kweli. Ningeonja. Ningemwambia ni karafuu. Nilijua ni karafuu.

"Ungeonja ungefungua."

"Bibi, nilikuwa eight years old. It didn't even count."

"Nliiona midomo yako ilivyokauka," akasema. "Kwako ilikuwa ishahesabika. Mie nkufunguze kwa ajili ya mchuzi? Mchuzi hupikwa tena. Funga ya kwanza ya mtoto haipikwi tena."

"Ungeniambia ninuse tu, basi. Kunusa hakufunguzi."

"Ulikuwa ushakasirika," akasema. "Na mie nlichoka kuomba pua ya watu. Nkasema, pua haipo, lakini mkono upo, miaka arubaini unajua njia yake kwenye rafu." Ndipo akanieleza ile homa ya wiki tatu, na uzile aliousikiliza, na kila chupa aliyoniwekea chini ya pua huku mimi nimenuna. Aliyaeleza kwa wepesi, kama mambo ya mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Mama angepanga chupa vingine, Nassor angenusa, tungegawana.

"Ningesema, mngeniondoa jikoni."

"Lakini umeondoka mwenyewe, Bibi."

"Ndiyo," akasema. "Nimeondoka mwenyewe."

Nilimkasirikia kwa kunyamaza, kwa ukaidi, kwa kunichagulia zawadi ambayo sikuiomba. Alikuwa ameuweka ule mlo wa ukumbini, na jina lake, na kila harusi iliyokuwa mbele yake, upande mmoja, na upande wa pili akaweka kiu ya mtoto mmoja mwenye kiburi, akatazama, akachagua. Na aliyechaguliwa alikuwa mimi, ambaye saa mbili baadaye nilikuwa nimesimama chooni na makombo ya biskuti kidevuni.

Nikaokota kijiko, nikampa supu. Alimeza, akapangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Na ile funga," akaniuliza, "uliifikisha magharibi?"

Aliuliza kwa shauku. Miaka kumi na sita alikuwa nalo swali lile, na hakutaka kuniuliza mbele ya watu nisije nikaona haya. Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na maneno yote tayari, na ilikuwa siku ya kusema kweli, na tulikuwa peke yetu.

"Niliifikisha, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akalaza kichwa kwenye mto. "Basi haikupotea bure."